Sura ya Sita: Mabingwa Waliorudi Darasani

Tarehe 23 Novemba 1973, King Crimson, bendi ya Uingereza, ilipiga katika ukumbi wa Concertgebouw mjini Amsterdam, na onyesho hilo likarekodiwa. Mahali fulani katikati ya onyesho, Robert Fripp, David Cross na John Wetton walianza kubuni papo hapo kipande cha polepole kisicho na maneno. Bill Bruford, mpiga dramu, alikuwa kwenye kiti chake, seti nzima ikiwa mbele yake. Akasikiliza, akaona kwamba kipande kile hakina nafasi ya dramu, akaviweka vijiti vyake msalaba kifuani na kubaki hivyo mpaka mwisho. Kipande hicho kikaingia katika albamu ya Starless and Bible Black ya mwaka 1974 kwa jina la “Trio”, na jina la Bruford likaandikwa pamoja na majina ya wenzake watatu kama mtunzi. Wenzake walitambua kwamba angegusa hata toazi moja, wimbo ungegeuka kuwa kitu kingine.

Naanza na mpiga dramu asiyepiga kwa sababu wale wanaowapenda wapiga dramu wa progresivu roki, na hata wale wanaowachukia, kwa kawaida huwaona kwa jicho moja. Wote wanatazama wingi: dramu nyingi zilizomzunguka mtu mmoja, mapigo mengi kwa sekunde, hesabu ngumu. Muziki wenyewe uliwapa sababu. Ulizaliwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, mikononi mwa vijana waliotaka roki ibebe mambo ambayo mpaka hapo yalikuwa ya jazi na ya muziki wa okestra. Wimbo mmoja wa Yes, “Close to the Edge” wa 1972, unachukua zaidi ya dakika 18, na “Supper’s Ready” wa Genesis, wa mwaka huohuo, unakaribia dakika 23. Katika safari ndefu namna hiyo mpiga dramu hawezi kurudia mdundo mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Analazimika kujua kila kona na kuitayarisha kabla bendi haijafika. Hapo ndipo ustadi wao ulipochipuka, na hakuna haja ya kuukana. Lakini nikiwapima kwa kile kinachowafanya wastahili heshima, naona wingi ni sehemu ndogo ya habari. Walio wakubwa kweli kati yao ni wale waliokuwa tayari kuubomoa ustadi uliowapa jina na kuujenga upya, kila mara wimbo ulipodai jambo ambalo mikono yao haikulijua.

Kwanza tuuone ugumu wenyewe kwa karibu, maana mtu hawezi kuheshimu alichokiacha mwenzake kama hajui thamani yake. Nyimbo nyingi za roki huhesabiwa nne nne, na mguu wa msikilizaji umeshazoea hivyo. “Money” ya Pink Floyd, ya 1973, inahesabiwa saba. Sikiliza solo ya gitaa inapoingia: bendi nzima inahamia kwenye nne, na mwili wa msikilizaji unapata nafuu bila yeye kujua kwa nini. Huo ndio mfano mwepesi. Mfano mzito ni “YYZ” ya Rush, bendi ya watu watatu ya Kanada, katika albamu ya Moving Pictures ya 1981. Herufi hizo tatu ni utambulisho wa uwanja wa ndege wa Toronto, unaotangazwa kwa marubani kwa msimbo wa Morse, na bendi iliuchukua mlio huo kama ulivyo na kuufanya mdundo wa kufungulia wimbo. Katika Morse, Y ni mlio mrefu, mfupi, mrefu, mrefu. Z ni mrefu, mrefu, mfupi, mfupi. Upe mlio mrefu thamani ya 2 na mfupi thamani ya 1. Y ya kwanza inatoa 7, ya pili 7, na Z inatoa 6. Jumla ni 20. Mguu wa msikilizaji unataka makundi yanayolingana, lakini unapewa saba, saba, sita, kisha saba tena. Neil Peart, mpiga dramu wa Rush, anapita juu ya makundi hayo pamoja na wenzake kana kwamba yamenyooka, na ndiyo maana wimbo huo usio na hata neno moja ulipendwa na watu wasiojua kwamba kuna kitu cha kuhesabu.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuuliza hapa: kuna ajabu gani? Katika ngoma zetu mapigo matatu hukaa juu ya mawili kila siku, na mpigaji hahesabu, anapiga tu. Swali hilo ni la haki, na lina uzito kuliko shutuma zinazotoka kwa wakosoaji wa Ulaya. Jibu langu ni kwamba yule mpigaji hahesabu kwa sababu alianza kuhesabu kwa mwili akiwa mgongoni kwa mama yake, katika jamii ambayo mdundo ule ulikuwa umeshamzunguka. Kazi ya miaka ilifanyika, ila ilifanyika mapema na ikagawanywa kati ya watu wengi. Kijana wa kitongoji cha Ontario au cha Kent hakuwa na hazina hiyo. Alilazimika kuitafuta mwenyewe, kwa sahani za santuri na kwa saa nyingi chumbani. Peart mwenyewe aliijua tofauti hiyo. Mwaka 1988 alizunguka Kamerun kwa baiskeli, safari aliyoiandikia kitabu, The Masked Rider, kilichotoka 1996. Mtu ambaye wakati huo angeweza kupumzika popote duniani alichagua kupanda milima ya Afrika Magharibi kwa kanyagio, na udadisi uleule ndio uliomrudisha kila mara kwenye seti yake akitafuta alichokuwa bado hajakijua.

Nataka kukaa na Peart kidogo, kwa sababu maisha yake ndiyo ushahidi wangu mkubwa. Alizaliwa 1952, na akiwa na miaka 18 alikwenda London kutafuta riziki ya muziki, akaikosa, akarudi nyumbani kufanya kazi katika biashara ya baba yake ya vipuri vya mashine za kilimo. Rush ilimchukua tarehe 29 Julai 1974, na kufikia tarehe 14 Agosti alikuwa jukwaani Pittsburgh mbele ya maelfu ya watu. Aligeuka pia kuwa mwandishi wa mashairi ya bendi. Miaka ya 1980 wasomaji wa jarida la Modern Drummer walimpigia kura mara nyingi mno, hata jarida likamweka kwenye orodha ya heshima ili wengine nao wapate nafasi. Mtu aliyefika hapo kwa kawaida huilinda himaya yake. Mwaka 1994 Peart alisimamia albamu ya kumuenzi Buddy Rich, nguli wa dramu za jazi aliyefariki 1987, na akawaalika wapiga dramu wengi kurekodi na bendi ya Rich mjini New York. Mmoja wao alikuwa Steve Smith. Peart alimjua Smith kwa miaka, na alipomsikia sasa akaona upigaji wake umebadilika, umelainika na kupata pumzi mpya. Akamuuliza siri. Smith akamtajia mwalimu wake, mzee Freddie Gruber, aliyewahi kuwa rafiki wa Rich.

Peart, akiwa na miaka 42, akaenda kuwa mwanafunzi wa Gruber. Kwa miaka mingi alikuwa akishika vijiti vyote viwili kwa namna moja, viganja vikitazama chini, na mara nyingi alivigeuza ili apige kwa upande mnene, apate kishindo. Sasa alianza kujifunza mshiko wa zamani wa wapiga dramu wa jazi na wa bendi za kijeshi, ambapo kijiti cha kushoto kinalala kati ya vidole na kiganja kinatazama juu. Mtu wa kawaida anaweza kufikiri hilo ni jambo dogo. Ajaribu kuandika kwa mkono asiouzoea kwa mwaka mzima, kisha aitwe kusaini hati mbele ya umati. Gruber hakushughulika sana na pigo lenyewe. Alisisitiza kinachotokea kati ya pigo moja na jingine, njia ambayo mkono unapita hewani kwenda na kurudi, na jinsi kiti na dramu zilivyopangwa ili mwili uzunguke badala ya kuchoma mbele na nyuma. Peart alipanga upya seti yake na kufanya mazoezi nyumbani siku baada ya siku, na matokeo yakaingia kwenye albamu ya Test for Echo ya 1996. Sababu yake ni ya kuzingatiwa. Aliona kwamba kwa kufukuza usahihi kwa miaka 20, upigaji wake ulikuwa umekakamaa. Mashabiki hawakuwa wamelalamika. Hakuna mkataba uliomtaka abadilike. Alisikia kasoro ambayo wengine wote waliiita ubora, na akaamua kuilipia.

Bruford alilipa kwa sarafu nyingine. Mwaka 1972, alipomaliza kurekodi Close to the Edge, kazi ambayo mpaka leo inahesabiwa miongoni mwa vilele vya muziki huu, aliiacha Yes wakati mafanikio yake yalikuwa yakipanda na kujiunga na King Crimson, ambako hakuna kilichokuwa na uhakika. Kule alimkuta Jamie Muir, mpigaji wa vyombo vya kila aina, aliyeleta jukwaani minyororo, vipande vya bati na vitu ambavyo hakuna duka la muziki lingeviuza. Bruford amesimulia mara kadhaa kwamba Muir ndiye aliyemfundisha kuwa mpigaji yupo kwa ajili ya muziki, na wala muziki haupo kwa ajili yake. Muir alikaa na bendi kwa miezi michache tu, akaondoka mapema 1973 kufuata maisha ya utawa wa Kibuddha. Miezi kadhaa baadaye ndipo usiku ule wa Amsterdam ulipofika. Sidhani kwamba Bruford wa mwaka 1970, kijana mwenye dramu ya snea iliyolia kama kengele na hamu ya kusikika, angeweza kukaa kimya vile. Alifundishwa, kama watu wanavyofundishwa kupiga kwa kasi. King Crimson ilipofufuliwa 1981, Fripp alimwomba apunguze matoazi na aiweke pembeni hai-hati, yale matoazi mawili ya mguuni ambayo mpiga dramu wa roki huyaegemea kama kipofu anavyoegemea fimbo. Bruford alilalamika, na kwa haki. Kisha akazijaza nafasi zile kwa dramu za kielektroniki za Simmons na kwa mipangilio ambayo isingezaliwa kama angeruhusiwa kupiga alivyozoea. Isikilize Discipline ya mwaka huo: utasikia mtu aliyenyang’anywa nusu ya msamiati wake akitunga lugha nyingine.

Sasa nifike kwenye shutuma kuu. Kuanzia 1976 vijana wa panki walisema progresivu roki ni majigambo ya matajiri, na solo ya dramu ya dakika nyingi ikawa kielelezo cha kila kilichochukiza. Nakubali sehemu ya shutuma hiyo. Kulikuwa na solo zilizopigwa kwa sababu tu wanabendi wengine walitaka kupumzika, na kulikuwa na seti zilizokua kwa kushindana, kila mwaka dramu moja zaidi. Hata baadaye kasi imepata mashindano yake yenyewe: Mike Mangini, aliyefundisha katika chuo cha muziki cha Berklee kabla ya kuingia bendi ya Dream Theater, alipimwa mwaka 2005 akipiga mapigo 1,203 kwa dakika moja, yaani mapigo 20 kila sekunde. Mapigo hayo hayana wimbo ndani yake. Lakini shutuma inakosea pale inapodhani kwamba aliyejifunza mengi amepoteza hisia, na kwamba aliyejifunza kidogo ameihifadhi. Asiyejua njia ila moja hana budi kuipita. Moyo wake uwe na furaha au huzuni, mkono utarudia kilekile. Peart hakwenda kwa Gruber kuongeza kasi, alikuwa nayo ya kutosha. Alikwenda kutafuta ulaini, na ulaini kwa mwili uliokwisha kukakamaa haupatikani kwa kutamani. Ni ufundi, tena ufundi mgumu kuliko ule wa kishindo.

Anayenishawishi zaidi katika hoja hii ni mpiga dramu Gavin Harrison. Mwaka 1996 alitoa kitabu, Rhythmic Illusions, kuhusu jinsi ya kulihamisha sikio la msikilizaji bila kuhamisha mdundo. Kanuni yake ni rahisi kuieleza: sikio linajua mwanzo wa kipimo uko wapi kwa kusikia snea inapoangukia. Isogeze snea nusu pigo, uiache mahali pake papya kwa muda, na msikilizaji ataapa kwamba wimbo mzima umeteleza, kumbe bendi haijasogea hata kidogo. Mtu mwenye uwezo huo angeweza kuutumia kutuchanganya usiku kucha. Harrison alipoingia bendi ya Porcupine Tree 2002 alifanya kinyume. “The Sound of Muzak”, katika albamu ya In Absentia, beti zake zinahesabiwa saba, na bado wimbo unatembea kwa utulivu kiasi kwamba mtu anaweza kuuimba jikoni. Ujuzi wote wa kuhadaa sikio umetumika kulituliza. Miaka 12 baadaye King Crimson ilirudi jukwaani na wapiga dramu watatu, wamepangwa mstari wa mbele, wanabendi wengine nyuma yao. Ilikuwa rahisi sana mpango huo ugeuke kuwa vurugu. Harrison, mmoja wa watatu hao, ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya kazi ya kugawa midundo, na mgawo wake ulidai kila mmoja aache mapigo ambayo mikono yake ingeyajaza yenyewe: huyu apige snea, yule ajibu kwa dramu za kando, wa tatu angoje. Watazamaji walikuja kuona wapiga dramu watatu. Walichosikia, pale mpango ulipofanikiwa, kilikuwa mpigaji mmoja mwenye mikono sita.

Mwili nao una gharama zake, na hazitajwi vya kutosha. Phil Collins, ambaye dunia inamjua zaidi kama mwimbaji, alikuwa mmoja wa wapiga dramu wazuri kuliko wote wa kizazi chake. Sehemu ya “Supper’s Ready” inayohesabiwa tisa inatosha kuthibitisha. Baada ya ziara ya Genesis ya 2007 shingo na mishipa ya fahamu vilimharibikia, na alipotaka kurekodi albamu ya Going Back, iliyotoka 2010, alilazimika kufungiwa kijiti mkononi kwa utepe. Katika ziara ya mwisho ya Genesis, 2021 hadi 2022, dramu zilipigwa na mwanawe, Nic, naye Collins akaimba amekaa kitini. Anayesema wapigaji hawa wanacheza na namba tu aiweke picha hiyo kwenye hesabu yake.

Inabaki pingamizi la zama zetu, kwamba mashine sasa inapiga saba, tisa au ishirini bila kukosea, na kwa hiyo miaka ya mazoezi ni hasara. Kama ustadi ungekuwa usahihi, ningenyamaza. Bruford, aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kuzikumbatia dramu za kielektroniki, alilichukua swali hili hadi chuo kikuu. Alistaafu jukwaani mwanzoni mwa 2009, akaingia Chuo Kikuu cha Surrey, akapata shahada ya uzamivu 2016 kwa utafiti juu ya ubunifu wa wapiga dramu mabingwa, na kitabu chake, Uncharted, kikatoka 2018. Shabaha yake ni uchaguzi: mpigaji anaamua nini, akiwa na nani, na uamuzi huo unawafanyia nini wenzake walio chumbani. Mashine haichagui kunyamaza; inazimwa. Kisha, akiwa ameshapita miaka 70, Bruford akarudi kupiga, safari hii jazi katika kumbi ndogo na kundi la watu watatu la mpiga gitaa Pete Roth.

Na Peart hakuishia kwa Gruber. Kati ya 1997 na 1998 alimpoteza binti yake na kisha mkewe, akaacha muziki kabisa, akasafiri maelfu ya kilomita kwa pikipiki. Rush iliporudi na albamu ya Vapor Trails ya 2002, wengi wangeona kurudi kwenyewe kunatosha. Katikati ya miaka yake ya 50 alitafuta mwalimu mwingine, Peter Erskine, mpiga dramu wa jazi, na safari hii alichotaka ni ujasiri wa kubuni. Kwa miongo mitatu alikuwa ametunga kila sehemu yake kabla, akairudia nyumbani mpaka isibaki nafasi ya kukosea. Kwa albamu ya Clockwork Angels ya 2012 aliacha utaratibu huo. Aliingia studio bila kuukariri wimbo, na mtayarishaji, Nick Raskulinecz, akasimama mbele yake na kijiti mkononi kama kiongozi wa okestra, akimwonyesha kiitikio kinapokuja na wapi wimbo unapogeuka, naye Peart akijibu kwa kile mikono ilichompa wakati huohuo. Mtu aliyetoa “YYZ”, ambayo kila pigo lake lina mahali pake, alikuwa anakaribia miaka 60. Ziweke albamu hizo mbili pamoja, ya 1981 na ya 2012. Ya kwanza ni safi zaidi, na sina shida na wanaoipenda kuliko nyingine. Lakini katika ile ya pili kuna mijazo ya dramu inayochelewa kidogo kufika, inayosita, kisha inaangukia mahali ambapo Peart wa miaka 28 asingethubutu kuipeleka, kwa kuwa hakuwa bado na njia ya kurudi kutoka huko.